FIRENZE KWA MIGUU, MIMI NA MBWA WA WATU

Msomaji mpenzi, ukisikia kwamba kijana wa Ufipa amevuka bahari kwenda Italia kujifunza kuchora, yamkini utatikisa kichwa na kuuliza, "Kuchora nako husomewa?" Sikulaumu. Mjomba wangu aliuliza vivyo hivyo. Basi njoo tutembee pamoja katika mji wa Firenze, ambao Waingereza huuita Florence, nami nikuonyeshe niliyoyaona huko majira ya baridi niliyougua. Tutakwenda pole pole, kwa kuwa daktari alikataza haraka, na tutafuatana na mbwa.

Tuanze na chuo. Kiko upande mmoja wa uwanja wa Mtakatifu Marko, na mbele yake kuna baraza ndefu yenye matao. Baraza hiyo haikujengwa kwa ajili ya wachoraji. Palikuwa hospitali ya Mtakatifu Matayo, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 14, na wagonjwa walilala humo hata mwaka 1784, mtawala wa Toscana alipoamuru pageuzwe kuwa chuo cha sanaa. Jirani yake ni jumba la makumbusho lenye sanamu ya Daudi aliyoichonga Michelangelo. Watu hupanga mstari mrefu barabarani ili kuiona. Lakini humo humo imo picha ndogo ya mchoraji Pontormo, ya mwaka 1514 hivi, iliyotoka katika hospitali ile ya zamani: wanawake wanawauguza wagonjwa vitandani. Wageni wengi huipita bila kugeuza shingo. Mimi nasema ingefaa waipe walau dakika moja.

Siku ya mwanafunzi si ya kuchezea. Asubuhi huchora sanamu za plasta kwa makaa, mpaka mikono na pua vinakuwa vyeusi. Halafu hujifunza mifupa na misuli ya mwili, kama mtu anayesomea uganga. Mchana ni rangi. Mitihani hutolewa alama 30, na aliyepata chini ya 18 ameanguka. Jioni utakula mkate wa Toscana, ambao hautiwi chumvi hata chembe (nilidhani mwokaji amesahau), pamoja na supu ya maharagwe, mboga za majani na mkate wa juzi. Supu hiyo huchemshwa tena kesho yake, nao husema ndiyo kwanza inakuwa tamu. Katika hili wana haki.

Mwezi wa Januari nilishikwa na kichomi. Usiku ule nilipokosa pumzi, mama mwenye nyumba aliwaita watu wa Misericordia. Hiki ni chama cha waumini kilichoanzishwa mwaka 1244 kwa kuwabeba wagonjwa na kuwazika maiti. Zamani walivaa kanzu nyeusi zenye kofia ya kufunika uso, ili anayesaidiwa asimjue anayemsaidia, wakabeba wagonjwa mabegani. Siku hizi wana magari, nao bado hutumika bila mshahara. Shukrani yao ya tangu kale ni kusema, "Mungu akulipe." Kijana mmoja aliyenibeba ngazini alikuwa mtu wa kuuza viatu mchana kutwa. Tarehe 20 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Sebastiani, msimamizi wao, chama hicho hugawa mikate midogo iliyobarikiwa. Mama mwenye nyumba aliniletea mmoja kitandani. Nikaula wote, ingawa nilikuwa sina hamu ya chakula.

Homa ilikwisha, lakini nguvu hazikurudi. Nilipotoka hospitali, kupanda ngazi kumi kulinishinda bila kupumzika. Jambo lililonitisha zaidi lilikuwa mkono: nikishika penseli, mstari ulitetemeka kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mama yangu aliposikia akaandikisha barua: "Mwanangu, rudi nyumbani. Picha haziliwi." Nikamjibu anipe muda mpaka Pasaka.

Daktari aliniambia nisijifungie chumbani. Nitembee kila siku mahali tambarare, na kila juma niongeze kidogo. Hapo ndipo mbwa alipopata kazi. Mama mwenye nyumba, mjane wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa na goti bovu, na mbwa wake alihitaji kutolewa nje asubuhi na jioni. Akanikabidhi kamba, akanipunguzia na kodi kidogo. Mbwa aliitwa Fagiolo, maana yake Haragwe, kwa kuwa Waitalia wengine huwatania watu wa Toscana kwamba ni walaji maharagwe.

Najua unacheka. Kwetu mbwa hujitembeza mwenyewe, hulinda nyumba na kwenda kuwinda. Huko mbwa wa mjini ameandikishwa serikalini, ana kidude kidogo chini ya ngozi chenye namba yake, na akijisaidia njiani ni wajibu wa mwenye kamba kuinama na kuokota kwa mfuko. Nami niliinama, mjukuu wa mwindaji! Lakini Fagiolo naye alikuwa na heshima zake. Tarehe 17 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate, wakati mimi nikiwa hospitali, alipelekwa kanisani kubarikiwa pamoja na punda, kuku na paka wa watu.

Tulikaa mtaa wa San Frediano, ng'ambo ya mto Arno, mtaa wa mafundi. Juma la kwanza tulifika lango la mji tu, lililojengwa karne ya 14, ambalo lina milango yake mikubwa ya mbao mpaka leo. Mbwa ni mwenzi mwema kwa mtu mdhaifu, kwa sababu husimama kila hatua tano. Hunusa ukuta, hunusa mlango, hungoja. Nami nikingoja nilikuwa nikitazama: fundi akipiga gundi kiti, mwanamke akikung'uta kitambaa dirishani, nyufa za ukuta. Mfukoni nilianza kuweka kijidaftari.

Siku moja nilimwacha Fagiolo nyumbani, nikaingia kanisa la Karmeli, mita chache tu kutoka kwetu. Kanisa liliungua mwaka 1771, lakini kikanisa cha ukoo wa Brancacci kilicho ubavuni kilisalimika. Ukutani mna picha alizochora Masaccio katika miaka ya 1420, naye akafa mwaka 1428, hajatimiza hata miaka thelathini. Michelangelo alipokuwa kijana alikwenda humo kujifunza kwa kuziiga. Tazama ile iliyo upande wa kushoto wa altare, chini. Mtakatifu Petro anapita njiani na Mtakatifu Yohane. Hawatazami wagonjwa, wala hanyoshi mkono. Macho yake yako mbele. Kivuli chake ndicho kinachopita juu yao, kama ilivyoandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Mmoja yu chini, miguu imekauka, kivuli ndiyo kwanza kinamfikia. Wa pili amepiga goti, anaanza kuinuka. Wengine wamekwisha simama, mmoja amefumba mikono kusali. Na njia yenyewe si ya Yerusalemu. Ni mtaa wa Firenze, wenye nyumba kama zile nilizopita na mbwa asubuhi hiyo. Nilikaa mbele yake mpaka mlinzi akanigusa bega. Nilijua kabisa mimi ni yupi: yule wa goti.

Mwezi wa Machi tulivuka daraja, tukaingia bustani ya Cascine, msitu mrefu unaofuata ukingo wa mto kwa kilometa tatu na zaidi. Humo utaona wazee, watoto wa baiskeli, na mbwa wa kila namna, hata wengine wamevishwa koti. Majini mna panya wakubwa kama sungura, waliotoka asili Amerika ya Kusini. Fagiolo alikuwa adui yao mkubwa, ingawa hakupata kumkamata hata mmoja.

Mwisho wa bustani, mto Mugnone unapoingia Arno, kuna mnara wenye paa la Kihindi, na chini yake sanamu ya kichwa cha kijana mwenye kilemba. Huyu ni Rajaram, mfalme wa Kolhapur nchini India. Alikuwa akirudi kwao kutoka Uingereza, akafa Firenze tarehe 30 Novemba 1870, akiwa na miaka ishirini. Wakuu wa mji waliwaruhusu watu wake wamchome mahali hapo, penye makutano ya mito, kwa desturi ya dini yao. Kutoka kwetu mpaka hapo ni kilometa nne na ushei. Tulipafika Jumamosi moja kabla ya Matawi. Nikaketi jiweni, nikamsalia Baba Yetu kijana huyo aliyekuwa na umri kama wangu, tena mgeni kama mimi, naye hakufika kwao. Fagiolo akalala miguuni. Nikatoa kijidaftari, nikamchora, masikio yake, kamba yake, na mto nyuma. Mstari haukutetemeka.

Pasaka ilipofika nilimwandikia mama kwamba nabaki, na mwezi wa Juni nikapata alama 27. Ndani ya barua nilitia picha ile ya mbwa, aone mkono wangu umepona. Jibu lake lilikuja baada ya mwezi. Alimshukuru Mungu, akasema ameitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na majirani wanakuja kuitazama. Ila wanauliza, naye hana la kuwajibu: mbwa huyo ameiba nini hata akafungwa kamba?