Pikipiki ya Gazi: Kasoro Iliyosemwa na Iliyofichwa



Anayevuka Likoni asubuhi na kushuka feri upande wa kusini, hupokewa kwanza na mngurumo wa pikipiki. Zimepangwa safu kwa safu, na vijana wake wanaita abiria. Barabara kuu iendayo Waa, Tiwi, Ukunda, Msambweni hadi Lunga Lunga mpakani ni moja tu, na vijiji vingi viko mbali na lami. Mama mja mzito akishikwa na uchungu usiku, hupelekwa zahanati kwa pikipiki. Samaki hutolewa ufuoni kwa pikipiki kabla hawajaharibika. Watoto wengi pia hufika madrasa kwa chombo hicho hicho. Ndiyo maana, ndugu zetu, suala la kununua pikipiki iliyokwisha tumika limekuwa shauri la nyumba nzima, si la kijana peke yake.

Hivi karibuni tuliifuata njia hiyo kwa ajili ya shauri kama hilo. Mjane mmoja wa mtaani kwetu alitaka kumnunulia mwanawe pikipiki apate kujitegemea. Mali aliyokuwa nayo ni bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya ndoa yake, na sonara alikuwa amekwisha kuzipima. Kijana alisikia kuna pikipiki inauzwa Gazi kwa shilingi 65,000. Mama akatuomba tufuatane nao. Nasi tukamwomba fundi mmoja mwaminifu aje pia, kwani kusoma vitabu hakumfundishi mtu injini.

Gazi iko kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukiiacha barabara kuu, unaingia njia ya vumbi baina ya minazi na miembe, na mwisho wake ni ghuba tulivu iliyozungukwa na mikoko. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Leo wenyeji wanajulikana kwa kuihifadhi mikoko yao, na akina mama wa kijiji wana daraja la mbao lipitalo katikati ya miti hiyo, ambalo wageni hulipa kulitembelea. Ni mahali pa baraka na utulivu. Lakini upepo wake una chumvi, na chumvi haina huruma na chuma.

Muuzaji, kijana wa miaka thelathini hivi, alitukaribisha kwa madafu. Pikipiki ilikuwa chini ya mwembe, imeoshwa, na tangi lake limepakwa rangi mpya. Fundi hakuishughulikia rangi. Aliweka kiganja karibu na injini, akaikuta ina moto, akasema kwa upole, “Tungoje ipoe.” Injini iliyochoka huwa na taabu kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo baadhi ya wauzaji huiwasha kabla mnunuzi hajafika. Tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi.

Ilipowashwa tena iligoma mara kadhaa, kisha ikawaka na kutoa moshi wa samawati. Moshi wa rangi hiyo ni dalili kwamba oili inaungua ndani ya silinda, na mara nyingi sababu ni ringi za pistoni kulika. Meno ya sprokiti yalikuwa yamepinda kama ndoana, maana yake cheni na sprokiti zibadilishwe pamoja. Rimu zilikuwa zimeanza kuliwa na kutu. Fundi akakadiria kuwa shilingi 15,000 zingetosha kuyatengeneza yote hayo. Mpaka hapo kijana wetu alikuwa bado anatabasamu.

Kisha fundi akapiga magoti, akafuta kwa kitambaa kwenye shingo ya fremu, chini ya tangi. Chini ya rangi mpya palikuwa na kovu la kuchomelewa.

Muuzaji akasema upesi, “Shekhe, mimi nauza kama ilivyo. Mwenye macho haambiwi tazama.”

Neno hili, “kama ilivyo”, husikika sana sokoni, na wengi hudhani linamaliza kila kitu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani, muuzaji wa chombo kama hiki hajivui dhima ya kasoro iliyofichika kwa kusema hivyo. Mnunuzi ana khiyari ya majlisi, yaani kila mmoja anaweza kuuvunja uuzaji kabla hawajaachana. Wanaweza kuwekeana khiyari ya sharti, isiyozidi siku 3. Na ipo khiyari ya aibu: ukigundua kasoro ya zamani ambayo hukuijua, una haki ya kukirudisha kitu, lakini ukirudishe mara moja na uache kukitumia. Anayeendelea kukipanda baada ya kujua, haki yake hupotea. Na kasoro uliyoiona ukairidhia huwezi kuirudi baadaye. Nasi tulikuwa tumekwisha kuiona. Uamuzi ulikuwa wa pale pale.

Mama akamgeukia muuzaji. “Mwanangu, wewe ungempakia mamako kwenye chombo hiki?”

Akainamisha kichwa. “La, mama. Iligonga mti, shingo ikakatika.” Kisha akashusha bei hadi shilingi 40,000.

Kijana wetu akatunong'oneza kwamba sasa hata fedha za matengenezo zitabaki. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Fundi akamjibu: injini ikifa, itakuacha kando ya njia, shingo ikikatika, haikupi nafasi ya kusimama. Nasi tukaongeza kuwa abiria ni amana, na hakuna bei inayoipunguza amana hiyo.

Mama akasema, “Bangili hizi nilizivaa siku ya furaha. Sitaziuza ninunue msiba.” Akaaga.

Kabla ya kuondoka tulimkumbusha muuzaji kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) aliyetia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini yake majimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone. Tukamshauri auze injini na magurudumu kama vipuri, fremu aitupe. Aliahidi kulifikiria.

Kijana hakusema na mtu njia nzima, na hatukumlaumu. Aliyekaa muda mrefu bila kazi huona kila mlango uliofungwa kuwa ndio wa mwisho. Fundi alimwalika karakanani kwake ajifunze ufundi hadi ipatikane pikipiki nyingine, naye alianza wiki iliyofuata.

Akina mama, mkiombwa fedha za chombo kama hiki, nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Ikuteni injini ikiwa baridi. Linganisheni namba ya fremu na ya injini na zilizo katika logibuku, na umiliki uhamishwe rasmi kwa NTSA kwa jina la mnunuzi. Kasoro zote ziandikwe pamoja na bei, mbele ya mashahidi. Kasoro iliyosemwa ina bei yake. Iliyofichwa hulipwa na asiyehusika, pengine mtoto aliyepakiwa nyuma akienda chuoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na awalinde wanetu barabarani. Amin.