Kabla ya kulipa lupango, soma kwanza makatazo yake

Katika likelemba yetu kuna swali linalorudi kila mara mmoja wetu anapopokea zamu yake: ninunue lupango wapi? Tunaulizana bei, tunaulizana kama maji yanafika, kama barabara inapitika wakati wa mvua, kama karatasi ni za kweli. Ni vizuri. Lakini siku hizi hapa Lubumbashi kuna viwanja vya namna nyingine, zile cité zilizozungushiwa ukuta, zenye geti na walinzi. Huko ukishamaliza bei ya kiwanja unaendelea kulipa kila mwezi, tena unatia sahihi chini ya orodha ya mambo usiyoruhusiwa kufanya nyumbani kwako. Ada hiyo na makatazo hayo sijasikia tukiyazungumza mkutanoni. Mimi na baba watoto tumeyapima kwa miezi mitano, na ninataka kuwaeleza tulivyoyapima.

Tulikuwa na viwanja viwili mbele yetu. Kimoja kilikuwa ndani ya cité kwenye njia ya Kasumbalesa, katika komini Annexe. Kingine kilikuwa Kampemba, kwenye avenyu ya kawaida, chenye nyumba ya vyumba viwili isiyokwisha na mwembe mmoja. Bei zao zilikaribiana. Mimi ni mwalimu, mume wangu ni fundi umeme, watoto wetu ni wanne, na mama mkwe anaishi nasi. Zaidi ya mshahara ninauza juisi ya tangawizi na maji baridi kutoka friji ya nyumbani. Fedha hiyo si nyingi, lakini viatu vya watoto na daftari zinatoka humo.

Wenye cité walitupa kanuni zao, kurasa 9 za Kifaransa. Yule kijana wa ofisi alishangaa nilipomwambia tutazisoma kwanza nyumbani. Alisema wengi wanatia sahihi palepale. Mimi kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, basi nilichukua bik nyekundu.

Aliyenifundisha nitafute nini ni dada yangu mdogo anayeishi Houston, Marekani. Huko jambo hili ni la zamani na linajulikana sana. Nyumba nyingi zinajengwa kwa mtaa mzima, na mitaa mingi ya namna hiyo ina chama cha wenye nyumba. Ukinunua nyumba humo umeingia chamani, upende usipende, kwa sababu masharti yake yameandikishwa serikalini pamoja na ardhi yenyewe, yanamfuata kila mnunuzi. Unalipa ada ya mwezi au ya mwaka kwa ajili ya majani ya pembeni ya barabara, taa, bwawa la watoto kuogelea. Chama kinaweza kukuambia rangi ya ukuta, urefu wa majani, mahali pa kuacha gari. Na usipolipa ada, katika jimbo lao la Texas chama kinaweza kufika hadi kuuzisha nyumba. Sheria imeweka mipaka: hawawezi kuiuza kwa sababu ya faini peke yake, na nyumba ikiuzwa kwa deni la ada mwenyewe anapewa siku 180 za kuikomboa. Hata hivyo, mtu aliyemaliza kulipa benki anaweza kuipoteza nyumba kwa deni la majani na taa!

Dada anasuka nywele nyumbani. Nyumba ya kwanza aliyoipenda aliiacha, kwa sababu kanuni zilikataza biashara inayoleta wateja mlangoni. Alinipa maswali aliyoyauliza yeye: ada inafunika nini na haifuniki nini, ilipandishwa mara ngapi, chama kina akiba kiasi gani kwa kazi kubwa ya ghafula, nani anaweza kubadili kanuni, na adhabu ni zipi. Nilimwambia kwamba sisi hatuna sheria maalumu ya vyama vya namna ile, mwenye cité anajiandikia mwenyewe. Akasema, basi ndiyo sababu ya kuuliza zaidi.

Tulianza na fedha. Cité iliomba dola 40 kwa mwezi, kulipwa miezi mitatu kwanza. Kwa mwaka ni dola 480, na kwa miaka kumi ni 4800, kama ada haipandi. Kwenye kanuni hakukuwa na mstari unaosema itapanda kwa kiasi gani, palikuwa na maneno tu kwamba uongozi unaweza kuirekebisha. Ada ililipia walinzi, takataka, taa za barabarani na greda ya barabara baada ya mvua. Maji ya forage yalikuwa nje ya ada, kila nyumba na mita yake. Jambo hilo kijana wa ofisi hakulisema mpaka tulipouliza.

Watu wengi wanafikiri kwamba upande wa Kampemba gharama hiyo ni sifuri. Si kweli. Niliketi na mama mmoja wa avenyu ile tukahesabu. Mlinzi wa usiku, kila nyumba franka 10 000 kwa mwezi. Maji kutoka kwa jirani mwenye forage, bido ya litri 20 kwa franka 200, na nyumba kama yetu inatumia bido 8 kwa siku, yaani franka 48 000 kwa mwezi. Jumla 58 000, ambayo ni zaidi ya dola 20, kabla ya kijana wa kutupa takataka. Halafu kuna transfo. Ikiungua, avenyu inachanga, na mara ya mwisho kila nyumba ilitoa dola 60. Hakuna aliyeyaita mambo haya ada, lakini yanatoka mfukoni uleule. Ukiondoa maji pande zote mbili, tofauti iko, cité ni ghali zaidi, lakini si kubwa kama tulivyodhani siku ya kwanza.

Basi fedha peke yake haikutosha kutuamulia. Tuligeukia makatazo.

Kufuga kuku: hapana. Kupanda mahindi au lengalenga mbele ya nyumba: hapana, mbele ni kwa maua na majani tu. Nyuma unaweza kupanda, lakini kiwanja kilikuwa kidogo, ukishajenga nyuma hakubaki kitu. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua, mvua ikianza kila lupango unavaa mahindi, na mama mkwe wangu akikosa jembe mwezi wa kumi na moja anaugua. Nilicheka, lakini niliweka alama nyekundu. Kuuza kitu chochote getini au dirishani: hapana. Hapo friji yangu ilikwisha.

Kupangisha chumba cha nyuma kwa mtu asiye wa jamaa: hapana, bila ruhusa ya maandishi. Wamama, katazo hili lisomeni mara mbili. Katika avenyu zetu kuna wajane wangapi wanaosomesha watoto kwa kodi ya kile chumba kidogo cha nyuma? Tunaponunua, mume yuko, mshahara uko, tunaona ni neno la watu wengine. Nyumba ni akiba ya mama kwa siku asizozijua, na hapa ilikuwa imefungwa mkono mmoja kabla hata ya kujengwa.

Lakini lililotukalisha usiku ni kifungu kuhusu kilio. Kanuni zilisema hakuna kufunga bashi barabarani, hakuna mkusanyiko wa zaidi ya watu 30 bila kibali cha uongozi kinachoombwa saa 72 mbele, na wageni hawalali ndani ya magari wala uani. Ninaelewa kwa nini iliandikwa hivyo. Hata mimi nimewahi kukosa usingizi wiki nzima kwa kilio cha jirani chenye spika nne, na asubuhi nikaenda kufundisha darasa la watoto 60. Kwa arusi ningekubali, arusi tunapanga miezi. Lakini kifo kinaombewa kibali saa 72 mbele namna gani? Baba mkwe alipofariki watu walitoka Likasi, Kolwezi, hata Kamina, walikaa siku tano, na wengine walilala kwenye viti chini ya bashi. Tuliuliza ofisini ingekuwaje. Walijibu kwamba kuna sale za kukodi mjini. Mume wangu hakusema neno njia nzima ya kurudi.

Tuliuliza pia nani anaweza kubadili kanuni. Jibu lilikuwa: kampuni, mpaka viwanja vyote viuzwe. Dada alisema hata kwao kampuni iliyojenga inashika usukani miaka ya kwanza, kisha wenye nyumba wanachagua viongozi wao. Kwenye kurasa zetu 9 sikuona tarehe wala hesabu ya viwanja itakayofungua uchaguzi huo. Tuliomba mambo mawili kwa maandishi: kikomo cha kupandisha ada, na neno moja la kusahihisha kifungu cha kilio. La kwanza walikubali. La pili walikataa, kwa adabu.

Sisemi cité ni mbaya. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, anafanya kazi usiku, hauzi kitu nyumbani, na pale alipokuwa anapanga wezi waliingia mara mbili. Alinunua kwenye cité ileile, analipa dola zake 40, na analala mchana bila spika za baa wala za kanisa. Kwake makatazo yaleyale ndiyo faida aliyoinunua. Na avenyu zetu zisizo na kanuni zina taabu yake: fedha ya transfo inakusanywa na mtu asiye na daftari, mwenye sauti kubwa halipi, na anayelipa ndiye anayeulizwa tena.

Neno dogo juu ya karatasi, kwa sababu limo ndani ya hesabu. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi yenyewe ni ya serikali, na kinachokulinda wewe ni sertifika ya uandikishaji yenye jina lako. Katika cité, sertifika ilikuwa moja ya uwanja wote, kwa jina la kampuni, na ya kwako ingekatwa ukimaliza kulipa kila kitu, pamoja na ada. Na tangu sheria ya Julai 2016 iliyosahihisha kodi ya familia, mama haombi tena ruhusa ya mume ili kutia sahihi yake. Mume na mke wanakubaliana. Basi usikubali kuambiwa "baba atasoma". Baba na asome, na wewe usome.

Tumenunua Kampemba. Kabla ya kulipa niliomba avenyu iwe na daftari la michango, na shefu wa avenyu alikubali kwa sharti kwamba niliandike mimi, kwa kuwa ni mwalimu. Nyumba 14 zimelipa mlinzi mwezi huu, 3 bado. Mama mkwe amekwisha kupanda.

Jumamosi nitakuja mkutanoni na zile kurasa 9 zenye alama nyekundu, pamoja na hesabu zetu za pande zote mbili. Mwenye zamu ya likelemba mwezi huu aje na maswali ya kiwanja anachokitazama, tuhesabu pamoja kabla hajatoa fedha.