Usiku wa Fataki katika Mji wa Bristol

Wasomaji wengi wamesikia habari za miji mikubwa ya Marekani, kama New York na Chicago, lakini ni wachache waliosikia habari za mji mdogo wa Bristol, katika jimbo la Rhode Island. Mji huu una watu kama elfu ishirini na mbili, nao umejengwa juu ya rasi iliyoingia baharini. Sifa yake ni moja: wenyeji wake huadhimisha tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, tangu mwaka wa 1785, nao hujivuna kuwa hakuna mji mwingine nchini humo wenye desturi hiyo ya zamani zaidi isiyokatika.

Mwaka wa 2024 nilipata likizo, nikaenda kumtazama binti wa shangazi yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Providence. Jioni ya tarehe 3 Julai aliniambia, "Kaka, chukua koti, twende Bristol tukasikilize bendi." Nilicheka, maana jua lilikuwa kali kama la Kisumu, lakini yeye aliujua upepo wa usiku wa pwani ile, na baadaye nilimshukuru.

Tulipoingia mtaa mkuu uitwao Hope Street, yaani Mtaa wa Matumaini, niliona ajabu. Mstari wa katikati ya barabara haukupakwa rangi ya manjano kama kwingine, bali nyekundu, nyeupe na buluu, ambazo ni rangi za bendera yao. Hapo ndipo gwaride hupita asubuhi ya sikukuu yenyewe.

Bustani ya tafrija iko ukingoni mwa bandari. Watu walikuja na viti vyao vya kukunja, mablanketi na watoto wao, wakaketi popote walipopata nafasi. Nilitafuta kwa macho hema la wakubwa, kama tulivyozoea, nisilione. Dada alininunulia maji ya limau yaliyogandishwa, tukakaa majanini karibu na mzee mmoja Mzungu mwenye mkongojo, ambaye alitusogezea blanketi lake bila kuulizwa.

Mzee huyo alituonyesha bandari kwa mkongojo wake, akatueleza kisa ambacho hapo kila mtoto hufundishwa. Mnamo Oktoba 1775 manowari za Waingereza zilisimama katika maji yale yale, zikaupiga mji mizinga na kudai kondoo na ng'ombe. Watu walijadiliana nao mpaka wakakubali kondoo 40. Mwaka wa 1778 askari wa Mfalme walirudi kwa nchi kavu wakachoma nyumba. Nadhani wafugaji wetu watawahurumia watu wa Bristol kwa kondoo wale.

Kisha bendi ikaanza. Palikuwa na tarumbeta, filimbi, matoazi na ngoma kubwa. Baada ya nyimbo kadha, mkuu wa bendi alitangaza kwamba sasa watapiga nyimbo za majeshi, kila jeshi na wimbo wake, na kila aliyetumika katika jeshi hilo asimame wimbo wake utakapopigwa. Ulipopigwa wimbo wa wanamaji, mzee wetu alishika mkongojo kwa mikono miwili akasimama. Mguu ulimtetemeka, lakini hakuketi mpaka wimbo ukaisha. Watu waliokuwa karibu walimpigia makofi, na msichana mdogo akamletea bendera ya karatasi.

Alipoketi aliniuliza, "Na kwenu, askari wenu wa zamani husimama siku gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka babu yangu, mzaa baba, aliyepigana Burma mwaka wa 1944 pamoja na jeshi la King's African Rifles. Medali yake ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, na sisi wajukuu tuliichezea mpaka ikapotea. Alikufa pasipo mtu yeyote, serikalini wala kijijini, kumwambia hata siku moja asimame watu wamwone.

Giza lilipoingia fataki zilirushwa kutoka majini. Zilipasuka juu kama maua ya mkrismasi, zikaanguka baharini taratibu, na kila kishindo nilikisikia kifuani. Watoto walipiga kelele za furaha. Lakini dada alininong'oneza, "Kaka, usisahau kwamba watu wetu pia walipita katika habari za bandari hii." Ni kweli. Ukoo wa DeWolf wa Bristol ulituma merikebu Afrika ya Magharibi kununua watu na kuwauza ng'ambo, hata Cuba. Na James DeWolf wa ukoo huo akaingia katika Seneti ya Marekani mwaka wa 1821. Tangu sherehe ya kwanza ya Bristol hadi utumwa ulipokomeshwa Marekani nzima, mwaka wa 1865, ilipita miaka 80. Watu wale hawakupigiwa wimbo usiku ule.

Basi nilirudi nyumbani na neno moja. Fataki ni ghali, na moshi wake huisha upesi. Lakini kumwita mtu asimame hakugharimu hata senti moja, na asiyeitwa husahauliwa, awe mtumwa wa Bristol au askari wa kwetu. Tangu Katiba ya mwaka wa 2010, sisi Wakenya tunayo Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Wengi wetu huitumia kulala au kupalilia, tukisema sherehe ni kazi ya serikali.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika majina. Nimekwisha kuanza orodha ya mtaa wetu: askari wa zamani, wakunga, na wale waliobeba mawe ya kujengea shule yetu ya kwanza. Waliokufa watasimamiwa na watoto wao. Bendi hatuna, ila kwaya ya kanisa imekubali kuimba. Jina la babu liko katika mstari wa kwanza. Je, msomaji, katika orodha ya kwenu ungeanza na nani?