Harufu ya Klachi Mpya

Siku ya tatu baada ya gari la Baba kuwekwa klachi mpya, tulikuwa tukipanda mlima kutoka Mombo kwenda Lushoto. Hatujafika hata Soni nikasikia harufu ya kuungua. Haikuwa harufu ya kuni wala ya mpira. Ilifanana na ile ya breki za lori lililoteremka mlima mrefu, inayokwaruza pua na kubaki kooni.

Baba alikuwa kaketi kando yangu, fimbo katikati ya magoti. Tangu alipopata kiharusi haendeshi tena, ila pua na masikio bado ni ya dereva yule yule wa zamani.

"Klachi hiyo," akasema. "Fundi wako katuibia."

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1968, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma. Baba hachoki kusimulia kwamba mwaka 1962 gari la namna hii lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki, na kwamba la mwisho lilitoka kiwandani kule Mexico mwaka 2003. Husimulia kama mtu anayetaja ukoo wake.

Fundi tulikuwa tumemlipa nusu. Nusu iliyobaki tulikubaliana tumpe Jumamosi. "Hapati hata senti," Baba akasema, "na msikitini nitawaambia watu wote wasimpelekee gari." Mimi nikakaza macho barabarani, kimya. Nitakueleza kwa nini, ndugu msomaji, lakini kwanza tulipekue gari.

Nilipomwendea fundi jioni ile alinijibu kwa upole: "Klachi mpya hunuka kidogo siku za mwanzo, mpaka diski izoeane na flaiwili." Ni kweli. Lakini harufu ya namna hiyo hupungua kila siku, na yetu ilikuwa inazidi.

Basi kesho yake nikaanza kwa yale mepesi. Niligusa magurudumu yote manne baada ya safari fupi, maana breki iliyonasa nayo hunuka. Hakuna lililokuwa la moto. Nikanusa nyaya chini ya kiti cha nyuma, pale betri ilipo. Waya ukiungua hutoa harufu ya plastiki, na pale hapakuwa na kitu. Nikafunga hita. Volkswagen hii hupasha abiria joto kwa hewa inayozunguka mabomba ya ekzosi, kwa hiyo tone la oili likidondokea pale mnalinusa wote mlio ndani. Harufu ikabaki palepale.

Nikashika pedali kwa mkono. Inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kusukuma kitu. Ikikosa mchezo, klachi inakuwa kama mtu aliyesimama mlangoni, hajaingia wala hajatoka, na diski inasuguliwa safari nzima. Nilipima kwa rula ya shule ya mdogo wangu: 15. Fundi alikuwa kaifunga sawasawa kabisa. Kusema kweli nilitamani nikute kosa lake.

Likabaki jaribio moja. Unasimamisha gari mahali tambarare, unavuta breki ya mkono mpaka mwisho, unaingiza gia ya nne, unaongeza moto kidogo, kisha unaachia klachi taratibu. Klachi nzima huizima injini papo hapo. Yetu iliendelea kuunguruma kama haijaambiwa kitu. (Ukijaribu, fanya mara moja tu, maana jaribio lenyewe linaunguza.) Diski ilikuwa inateleza.

Nikaingia uvunguni. Pale injini inapokutana na gia boksi palikuwa na tone. Nikalichukua kwa kidole, nikalisugua, nikanusa. Oili ya gia ina harufu ya kiberiti. Hii haikuwa nayo. Ilikuwa oili ya injini, na hapo mara nyingi hutokea kwenye sili ya krenki iliyojificha nyuma ya flaiwili.

Nililala pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku injini iliposhushwa, fundi alinionyesha unyevu pale pale. "Kijana, na sili hii tuitoe. Tukishafunga, hatuifikii tena bila kushusha injini." Hela ya sili Baba alikuwa amenipa. Nikamwambia fundi afunge hivyo hivyo. Akanitazama, akauliza tena, nikamwambia ndivyo Mzee alivyosema. Hela ile niliipeleka steshenari, nikachapisha sura ya kwanza ya riwaya yangu kutoka kwenye daftari. Kurasa 12.

Jumamosi fundi akaja kudai chake. Baba alikwisha kushika fimbo, amejiandaa kwa maneno. Nikasema kabla hajafungua kinywa. Nilisema yote, na ile ya "ndivyo Mzee alivyosema" ndiyo iliyonitoka kwa shida zaidi. Fundi aliinamisha kichwa, nadhani kwa kunionea haya. Baba akatoa pesa mfukoni kwa mkono wake mmoja mzima, akamlipa yote, akamwomba radhi. Mimi hakunitazama.

Niliuza baiskeli yangu. Injini ikashushwa tena, na diski ikatoka nyeusi, inang'aa kwa mafuta. Ikishanyonya oili, hata uioshe kwa petroli haifai. Ikabidi kununua sili na diski nyingine.

Fundi alikuwa akisafisha flaiwili kwa petroli na msasa Baba alipoongea nami kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hizo kurasa unazo hapa?"

"Ninazo, Baba."

"Zisome."

Nikaketi juu ya tairi, nikaanza. Kwenye ukurasa wa tatu fundi akaacha kusugua.

"Ngoja," akasema. "Huyo dereva wako mbona anabadili gia bila kukanyaga klachi?"