Ngonjera ya Moshi na Pumzi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hekima hiyo ilimfaa mwalimu mmoja wa chekechea katika mtaa wa mabanda jijini Nairobi, aliyechoka kuwasikia wanafunzi wake wakikohoa mwaka nenda mwaka rudi. Wengi wao hulala chumba kimoja na wazazi. Humo hupikwa, huliwa, na sigara huvutwa.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku uvutaji wa sigara katika maeneo ya umma nchini Kenya. Hata hivyo, askari hapigi doria chumbani mwa mtu, ilhali humo ndimo mtoto mchanga ashindamo. Mapafu yake yangali yanakua, naye hupumua kwa kasi kumshinda mtu mzima. Hivyo moshi humzidishia hatari ya nimonia, pumu na maambukizi ya masikio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mwaka 2004 pekee, moshi wa sigara za watu wengine uliwaua watoto wapatao 165,000 duniani.

Mwalimu alifahamu fika kuwa hotuba ingewaudhi wazazi, na kumtuma mtoto amkanye babake hadharani kungekuwa kumvunjia heshima. Akachagua ngonjera, utanzu ambao Mathias Mnyampala aliukuza nchini Tanzania kwa minajili ya kuielimisha jamii. Katika ngonjera, anayepinga hapigwi kisogo. Hupewa beti zake, akajitetea, akajibiwa, hadi pande zote zikaafikiana. Watoto wakajigawa makundi mawili: Moshi na Pumzi. Moshi alijigamba kuwa yeye ni mgeni wa baba, aingiaye na kutokea dirishani bila kumdhuru yeyote. Pumzi akamjibu kuwa mgeni huyo haagi. Hata dirisha likiwa wazi, husalia katika blanketi na nguo.

Wazazi walicheka, kisha wakanyamaza. Baba mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, usiku mvua ikinyesha, mtu avutie wapi?"

"Chini ya upenu," akajibu mama mmoja.

"Upenu huo unapakana na dirisha la jirani, naye ana mtoto."

Mjadala huo haukuwa katika mswada, lakini ndio uliozaa maafikiano: asiwepo wa kuvuta ndani ya nyumba wala karibu na mlango wa mwenye mtoto, na anayetaka kuacha asindikizwe zahanati akapate ushauri.

Mhakiki mkali angeikosoa ngonjera ile kwa mizani iliyopunguka na vina vilivyolazimishwa. Angekuwa na haki. Lakini aliyeshutumiwa alipewa nafasi ya kusema, naye akasema. Siku chache baadaye, wanaume wawili walionekana usiku katika kiwanja kitupu nyuma ya nyumba, wakivuta sigara zao huku manyunyu yakiwalowesha. Ndani, watoto walikuwa wamelala.