Lugha ya Bendera na Lugha ya Soko

Wageni wengi huanza kuujua mji kwa macho. Mimi, kwa mazoea ya utunzi, huanza kwa masikio. Singapore niliisikia kabla ya kuiona sawasawa. Ndani ya garimoshi lipitalo chini ya ardhi, sauti ilitoa onyo moja mara nne: kwa Kiingereza, kwa Kichina cha Mandarin, kwa Kimalei na kwa Kitamil. Hizo ndizo lugha rasmi za nchi hiyo iliyo mji na taifa kwa pamoja, isiyofika nusu ya Unguja kwa ukubwa, lakini yenye watu wapatao milioni sita.

Nilipotoka juu, macho nayo yalipata haki yao. Katika barabara ya South Bridge, mtaani kwa Wachina, niliuona msikiti wa Jamae, ulioanzishwa na Waislamu wa Kitamil mwaka 1826. Hatua chache mbele lipo hekalu la Wahindu la Sri Mariamman, lililoanzishwa mwaka 1827. Kwenye mabwalo ya chakula, Mchina hula tambi, Mhindi chapati, na Mmalei wali wa tui la nazi, wote chini ya paa moja. Wala ujirani huo haukuachiwa bahati. Tangu mwaka 1989 serikali imeweka kiwango cha kila jamii katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa na dola, ili pasiwe na mtaa wa kabila moja.

Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni Kimalei. Nilisikia dunia, nikajua ni dunia. Nikasikia limau, nikajua ni tunda. Khabar ni habari, waktu ni wakati, na meja ni meza yetu ile ile tuliyoachiwa na Wareno. Bahari iliyozileta jahazi kwetu iliwafikia na wao. Kimalei ndicho lugha ya taifa kwa mujibu wa katiba, na wimbo wa taifa, Majulah Singapura, uliotungwa na Zubir Said mwaka 1958, huimbwa kwa lugha hiyo.

Nilimwuliza kijana mmoja wa Kichina, muuza kahawa, maana ya maneno ya wimbo huo. Alitabasamu. Aliuimba tangu utotoni, akasema, lakini maana aliijua vipande vipande. Shuleni, ofisini na dukani alitumia Kiingereza. Hakuwa peke yake: sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa Kiingereza ndicho kilichotumika zaidi nyumbani kwa takriban asilimia 48 ya wakazi. Aidha, kampeni iliyoanza mwaka 1979 iliwahimiza Wachina waziache Kihokkien, Kiteochew na Kikantoni, washike Mandarin. Matokeo yake, wapo wajukuu wasioweza kuzungumza na bibi zao ila kwa maneno machache na ishara.

Siwalaumu. Wachina ni kama robo tatu ya raia, Wamalei ni wachache, na damu ilimwagika baina yao mwaka 1964. Lugha isiyokuwa ya yeyote kati yao ilionekana kuwa hakimu asiyependelea. Amani waliipata, na gharama yake wanailipa.

Sisi Watanzania hatukulazimika kulipa gharama hiyo. Mungu Ibariki Afrika huimbwa na mtoto wa Kigoma na wa Mtwara, na kila neno wanalielewa. Lugha ya bendera yetu ndiyo lugha ya soko letu. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali, na majalada nayajua. Tulikipa Kiswahili Baraza lake mwaka 1967, na sheria ya mwaka 2021 ikakifanya lugha ya mahakama. Hata hivyo mwanafunzi wa sekondari bado hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa mimi. Jukwaani tunakisifu, darasani tunakiacha mlangoni.

Lugha haifi siku inapotukanwa. Hudhoofu inapoheshimiwa tu, ikapewa kiti cha mbele katika sherehe na kunyimwa kazi siku zinazobaki. Basi, ndugu msomaji, tukipe Kiswahili kazi: kipime dawa, kichore ramani za madaraja, kifundishe hesabu. Sifa kimekwisha kuzipata za kutosha.