Mpishi wa Nchi ya Dubu

Kabla ya kufika Wyoming nilikuwa nimepika miaka 9 katika kambi za wawindaji kule Selous. Huko moto uliwaka usiku kucha, na fisi akisogea tulimrushia kijinga. Kwenye milima ya Absaroka, mashariki ya Yellowstone, nilikuta moto haumlindi mtu. Septemba na Oktoba dubu aina ya grizzly hula mchana na usiku, akijiwekea mafuta ya kumvusha miezi ya usingizi shimoni, na pua ndiyo inayomwongoza. Kwa hiyo roho za watu zilikuwa mikononi mwangu mimi mpishi.

Jiko lilikuwa hatua mia moja kutoka mahema ya kulala. Chakula, sabuni, hata dawa ya meno, vyote vilivutwa kwa kamba juu ya boriti, zaidi ya mita 3 kutoka ardhini na mbali na shina la mti. Nguo za kupikia sikulala nazo. Usiku mmoja wa baridi kali, msimu wangu wa kwanza, nilimwaga mafuta ya kukaangia nyuma ya jiko badala ya kuyafunga kwenye kopo. Alfajiri nikakuta udongo umechimbuliwa, na nyayo ambazo alama za kucha zilikuwa mbali mbele ya vidole. Zilikwenda hadi hema la vijana wawili wa farasi, zikalizunguka, zikaondoka. Vijana wale walikuwa rika la wanangu. Tangu siku hiyo sijamwaga hata maji ya kuoshea mchele.

Mwindaji ana mtihani mgumu zaidi. Wapita njia huambiwa wapige kelele na wasitembee alfajiri. Mwindaji wa elki, yule mnyama mwenye pembe za matawi, hunyata alfajiri akiukabili upepo, tena huiga mlio wa elki. Ndiyo maana mkebe wa pilipili ya kupuliza ulikaa kiunoni au kifuani, kamwe si ndani ya begi. Dubu hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na pilipili ile hufika kama mita 9 tu.

Jioni moja ya Oktoba mgeni wetu alimwangusha dume la elki giza likiingia. Kawaida nyama huhamishwa hatua mia kutoka yalipo matumbo, ikawekwa peupe inapoonekana kwa mbali. Safari hiyo usiku uliwawahi, nyama ikabaki palepale.

Asubuhi nilikwenda nao kubeba. Tulisimama kwenye mwinuko, tukipaza sauti, tukapiga darubini. Kunguru walikuwa mitini, hawatui. Mzoga ulikuwa umefukiwa kwa udongo na matawi. Dubu akishafukia, nyama ni yake, na mara nyingi hulala papo hapo karibu. Mgeni alikuwa amelipa fedha nyingi; aliziomba pembe zile mara tatu. Kiongozi wetu alitikisa kichwa, akageuza farasi. Mifuko ya nyama nilirudi nayo mitupu, nimeikunja chini ya tandiko.